Breki za Kumshushia Galus

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Lusungu Kihwele alichoma sahani moja ya breki.

Mashine aliyoitumia iliitwa tanuri-mlima. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuishusha breki mlima ambao haukuwepo. Sahani ilifungwa ndani, ikazungushwa kwa kasi ya gari linaloteremka, kisha pedi zikaibana, zikaachia, zikaibana tena, kona baada ya kona, mpaka chuma kikawa chekundu kama nyanya ya Ilula iliyoiva. Lusungu alitazama kupitia kidirisha cha kioo kinene. Chapati yake, iliyofungwa kwenye karatasi, aliilaza juu ya mgongo wa mashine ipate moto. Chai ilipochemka, sahani nayo ilikuwa imekwisha kuonyesha kama itafaa au itapasuka.

Asubuhi hiyo chapati haikupata moto. Lango la karakana lilifunguka, likaingia gari la rangi ya machungwa, fupi, limeinamisha pua kama ndege anayetaka kushuka. Lusungu alilitambua kabla hajaliona vizuri. Lilikuwa Kipanga, gari la kaka yake. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo amwite. Kisha akakumbuka kwamba Galus wamemzika, na kwamba siku hizi gari linaweza kuja lenyewe.

Mlango wa abiria ulifunguka. Akashuka baba yake, Mzee Severin, polepole, akishikilia paa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Umekuja na hili?"

"Limenileta. Mimi nimekaa tu kama gunia la vitunguu." Akayatazama magurudumu, kisha akamtazama binti yake. "Nimesikia unataka kulivalisha vigae."

"Si vigae, baba. Ni kauri."

"Kauri ni vikombe. Mama yako anavyo kabatini, hakuna anayeruhusiwa kuvigusa."

Lusungu alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Alimletea kigoda.

Wakati huo Iringa ilikuwa mji wa karakana, na karibu magari yote yalikuwa magari-jiongozi. Ndani ya kila gari kulikuwa na akili iliyoitwa kiongozi, nayo iliona barabara kuliko macho ya mtu. Malori yalipita kwenye handaki lililotobolewa chini ya mlima. Barabara ya zamani ya Kitonga, yenye kona zake zilizowahi kumeza watu, iliachiwa majani na nyani. Vijana wengi hawakuwahi kushika usukani. Magari machache tu ya mbio, kama Kipanga, ndiyo yaliyobaki na usukani na pedeli, na watu waliyatazama yakishindana kama zamani walivyotazama ngoma.

Lakini Kitonga haikufungwa kabisa, kwa sababu ya desturi ya kushusha.

Desturi hiyo waliianzisha madereva wa malori. Dereva alipofariki, ilipofika arobaini yake, mtu wake wa karibu alilipeleka gari lake juu ya Kitonga, akazima injini, akalishusha kwa breki peke yake. Hakuruhusiwa kusimama. Ukisimama njiani, walisema, umemwacha njiani. Na wakati wa kushuka alizungumza na marehemu, akamwambia yote aliyokuwa hajamwambia. Kwenye kona ya mwisho alimwita jina mara moja. Baada ya hapo gari hilo halikuendeshwa tena. Maiti, walisema, hushushwa kaburini na watu wengi. Safari yake hushushwa na mtu mmoja.

Mzee Severin alikuwa mmoja wa madereva hao. Malori yalipopewa viongozi, yeye na wenzake walifanyiwa sherehe ndogo, wakapewa saa ya ukutani kila mmoja, wakarudi nyumbani. Saa ile hakuitundika. Mwanawe Galus alipokua na kuchagua mbio za magari, mzee alilitazama Kipanga mara moja, akasema, "Kibiriti." Tangu siku hiyo hakuliita jina jingine. Hakwenda kuangalia mbio hata moja. Kisha moyo wa Galus ukasimama usingizini, nyumbani, mbali na kona zote. Sasa arobaini ilikuwa inakaribia, na mzee ndiye angemshusha.

"Hapa mezani," Lusungu alisema, "nina breki za aina mbili. Nikueleze?"

"Nieleze. Lakini mimi nataka chuma."

"Mzee Kihwele," ilisema sauti tulivu kutoka darini, "breki za kauri zimependekezwa kwa mteremko huu. Nafasi ya kufika salama ni kubwa zaidi."

Hiyo ilikuwa Mizani, akili ya karakana. Sheria ya mji ilisema gari lolote la kushusha lipimwe nayo kwanza, gari lenyewe na dereva wake.

"Mwambie huyo wa darini atulie," alisema mzee. "Watu wanaongea."

Lusungu aliuamuru mkono-fundi, na ule mkono wa chuma uliotoka ukutani ukaingia ndani ya tanuri-mlima, ukaitoa sahani iliyokuwa ikichomwa, ukailaza kwenye sakafu ya mawe ili ipoe. Wekundu ulikuwa umekwisha kufifia, lakini hewa juu yake ilicheza kwa joto.

"Angalia pale pembeni, ile mistari myembamba kama nywele. Hiyo ni mipasuko. Chuma kinashika vizuri tangu kona ya kwanza, hata kikiwa baridi. Bei yake ni ndogo, na kikichakaa unakiona. Lakini ni kizito, na ukikikanyaga muda mrefu bila kukiachia kinapata moto mpaka hakishiki tena. Pedeli inakuwa laini. Inazama chini, gari linaendelea kwenda."

"Najua," alisema mzee. "Nimewazika wenzangu waliozama nayo."

"Hii hapa ni kauri." Aliinua sahani ya kijivu iliyokoza, yenye madoa kama manyoya ya kanga. "Ni nyuzi za kaboni zilizosukwa, zikaokwa pamoja na unga wa kauri. Inavumilia moto ambao chuma hakiwezi. Ubaya wake, ikiwa baridi inachelewa kidogo kushika. Na ukiigonga na jiwe ikameguka, basi, huwezi kuitengeneza, unaitupa. Shika."

Mzee alisimama, akaipokea kwa mikono miwili. Akaipima uzito.

"Nyepesi kama kapu tupu," alisema. "Na sauti yake?"

"Haina sauti."

"Hata kidogo?"

"Labda ikilowa. Vinginevyo haina."

"Basi si breki. Breki lazima ikuambie iko wapi. Sisi tulikuwa tunashuka na mizigo, unasikia chuma kinapiga kelele mpaka Mahenge kule bondeni, unajua sasa kimeshika, sasa kimechoka, sasa kinataka upepo..."

Aliendelea kuzungumza. Lusungu alisikia harufu ya mpira unaoungua. Aliitazama tanuri-mlima kwanza, ilikuwa imezimwa. Akaangalia nyaya za mkono-fundi. Ndipo macho yake yakashuka sakafuni.

Ukingo wa kandambili ya baba yake ulikuwa umeegemea ile sahani ya chuma. Mpira ulikuwa unayeyuka, moshi mwembamba unapanda, na kidole kidogo cha mguu kilikuwa kimegusa chuma. Mzee alikuwa bado anaeleza habari za kona ya tatu.

"Baba, mguu."

"Nini?"

"Mguu wako, baba."

Mzee alitazama chini. Akauona moshi. Ndipo akauondoa mguu.

Yalitangulia macho, mguu ukafuata. Hilo ndilo lililomuumiza Lusungu kuliko moshi wenyewe.

Alimkalisha, akaleta maji na sanduku la dawa. Kidole kilikuwa kimetoa malengelenge meupe. Alikimwagia maji kwa muda mrefu, na baba yake alimtazama kana kwamba anaosha kitu cha mtu mwingine.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Ni sukari. Kwanza vidole, halafu nyayo. Sasa hata nikikanyaga mwiba nauona jioni, nikivua viatu."

"Mama anajua?"

"Mama yako anajua kila kitu. Isipokuwa hiki."

"Na breki ungeikanyagaje?"

 Mzee aliigeuza ile sahani ya kauri magotini mwake.

"Kwa sikio," alisema. "Chuma kingeniambia nimekanyaga kiasi gani. Ndiyo maana nataka chuma."

Kutoka darini Mizani ikasema, kwa upole uleule, "Nimesikia taarifa mpya kuhusu hali ya dereva. Niiandike?"

Lusungu alijua maana yake. Ikiandikwa, baba yake hatapewa kibali. Kipanga litashushwa na kiongozi wake, viti vyote vikiwa vitupu, likipinda kona moja baada ya nyingine bila kosa, na Galus atakuwa ameshushwa na hakuna mtu. Mjini watu wangelisema hilo kwa sauti ya chini kwa miaka.

"Subiri," alisema. Akafunga bandeji, akakaza fundo.  Yeye hakuwa mtu wa kusema mambo makubwa. Shuleni hata kwa jibu alilolijua hakunyoosha mkono. "Andika dereva ni Lusungu Kihwele."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. "Wewe? Umewahi kukanyaga breki?"

"Nimechoma breki nyingi, baba, kuliko—"

"Sikuuliza kuchoma. Kukanyaga."

Lusungu aliinamisha kichwa. Alikuwa amesoma chuo kikuu habari za joto na msuguano, madereva wa mbio walimpigia simu kutoka Nairobi na Lusaka, na katika maisha yake yote hakuwahi kusimamisha gari kwa mguu wake mwenyewe.

"Sijawahi," alisema.

"Basi njoo," alisema mzee, akainuka kwa taabu. "Zima huyo kiongozi."

Walifanya mazoezi kwenye uwanja wa nyuma wa karakana, kila alasiri. Kipanga lilirukaruka chini ya Lusungu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mzee alikaa kiti cha abiria, mguu wenye bandeji ameunyoosha mbele, akitoa amri.

"Usiombe. Kanyaga."

"Nakanyaga."

"Unabembeleza. Kanyaga kwa nguvu, halafu achia, kipate hewa. Kanyaga, achia. Wewe unaegemea pedeli kama mtu aliyechoka."

"Naogopa, baba."

"Kila mtu anaogopa. Ogopa na mguu ukiwa juu."

Alijaribu. Siku nyingine aliweza kwenye mizunguko kadhaa, kisha hofu ikarudi, na mguu ukarudi palepale, ukakaa. Mizani ilirekodi kila alipokanyaga. Jioni moja Lusungu aliichukua rekodi hiyo ya mguu wake, akaiingiza katika tanuri-mlima, na akashusha mlima uleule mara mbili: kwanza kwa sahani ya chuma, kisha kwa sahani ya kauri. Alisimama mbele ya kidirisha, mikono mifukoni. Chuma kilipasuka kabla ya kona ya mwisho. Kauri ilishuka mpaka chini, ikawaka kama kaa la moto, ikapoa, ikatoka nzima.

 Majibu alikuwa nayo. Kilichokuwa kigumu ni kwenda kumwambia baba.

Alimkuta uani nyumbani, akimenya njugu.

"Ni kauri, baba. Chuma hakiwezi kuusamehe mguu wangu."

Mzee aliendelea kumenya. "Itakuwa kimya, basi."

"Ndiyo."

"Kimya kabisa."

"Upepo tu utasikika."

Alimenya njugu chache, akazirudisha kwenye sahani bila kuzila. "Huwezi kunifungia chuma gurudumu moja? Lile la nyuma tu, lipige kelele kidogo."

"Gari litavuta upande, baba. Litatutupa."

"Ndiyo, litavuta." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi sikujiandaa hivyo."

Lusungu alidhani anazungumzia sikio lake na mguu wake. "Hutahitaji kusikiliza," alimwambia. "Mguu ni wangu. Wewe utanielekeza tu." Mzee akatikisa kichwa kukubali, lakini uso wake haukupata nafuu, naye Lusungu hakuelewa kwa nini.

Siku ya arobaini walifika juu ya Kitonga ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Ndugu walikuwa wametangulia chini na chai na kibuyu cha pombe ya ulanzi. Mama yake alikuwa huko, amejifunga kanga mbili. Mzee alivaa viatu vya ngozi na koti lake la zamani la safari.  Lusungu alimzima kiongozi, kisha mota. Taa za mbele yake zikafa moja moja, vikabaki usukani na pedeli.

"Kamwene, kaka," alinong'ona. Akaachia breki, Kipanga likaanza kushuka kwa uzito wake.

Kona ya kwanza ilikuja haraka kuliko uwanjani. Alikanyaga, na kauri, baridi kwa ukungu wa asubuhi, ikachelewa. Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe na gari halikusikia. Alijua jambo hilo, aliwahi kuwaeleza wateja wengi kwa maneno mazuri, lakini mguu wake haukuwa umelijua.

"Usiombe," alisema baba yake.

Akakanyaga kwa mguu wote. Kipanga likashika, likainama, likapinda. Nyani mmoja aliyekaa kwenye ukuta wa barabara aliwatazama bila kuinuka.

"Sasa zimepata moto," alisema Lusungu, akihema.

"Achia. Kona inayofuata inadanganya, inaonekana fupi. Usiiamini."

Walishuka. Breki zilifanya kazi yake bila kusema lolote. Upepo ulipita madirishani, na chini kabisa mto ulisikika juu ya mawe. Mara mbili, sehemu iliyonyooka, Lusungu aliona kwa pembe ya jicho baba yake akifungua mdomo. Mara zote mbili alimtazama yeye, akaufunga.

Ndipo alipoelewa. Zamani chuma kilipiga kelele kutoka juu mpaka bondeni, na ndani ya kelele hiyo mtu alimwambia marehemu chochote, hata utingo wake aliyekaa pembeni hakumsikia. Baba yake alikitaka chuma kwa ajili ya sikio lake, ndiyo. Lakini pia alikitaka kwa ajili ya mdomo wake.

"Baba," alisema, macho yake barabarani, "ningeziba masikio."

"Kwa mikono ipi? Shika usukani."

Wakapita kona nyingine. Harufu kavu ya joto ilipanda kutoka magurudumuni. Mguu wa Lusungu uliegemea tena pedeli, na kauri ikamsamehe. Alifikiri aanze yeye, labda itamsaidia. Lakini alichoweza kusema kilikuwa kidogo.

"Kaka, kiti chako ni kikubwa kwangu. Nimeweka mto."

Mzee aligeuza uso dirishani.

Ukungu ulikuwa unaachia. Mbele yao ilionekana kona ya mwisho, pana, yenye ukuta uliopakwa chokaa, na nyuma yake watu wadogo wadogo wamesimama na kanga zao. Hapo ndipo jina huitwa. Jina peke yake lilitosha. Wengi hawakusema zaidi, na hakuna ambaye angemlaumu mzee. Lusungu alikanyaga, akaachia, akakanyaga, kama alivyofundishwa. Ilikuwa mara ya kwanza mguu wake kutii mwanzo hadi mwisho.

"Galus," alisema mzee.

Gari likaanza kupinda. Hakuna kilichopiga kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekwaruza, na ilisikika neno kwa neno.

"Mwanangu. Kila uliposhindana nilizima redio, nikaenda kukaa nje mpaka uliporudi. Nilikuwa nasema kibiriti. Sikulichukia gari lako. Nilikuwa naogopa utanitangulia."